Mifupa ya Binti Asiyeitikia Androjeni: Hoja Dhidi ya Kisu cha Mapema

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vimefundisha, na madaktari wengi wameendelea kuamini, kwamba binti aliyezaliwa na kromosomu za X na Y, ambaye mwili wake hauitikii androjeni, anapaswa kuondolewa mapema korodani zilizojificha tumboni au kinenani mwake, kwa kuwa tezi hizo hazimfai kitu na zinaweza kuzaa saratani, kisha akifikia umri wa kubalehe aandikiwe vidonge vya estrojeni. Mifupa yake ikipimwa baadaye na kuonekana kuwa na madini haba, lawama huelekezwa kwenye hali aliyozaliwa nayo, kwa maelezo kwamba mwili usiotumia androjeni hauwezi kujenga mfupa imara. Msimamo huo unaonekana kuwa wa tahadhari, na wengi walioushika waliushika kwa nia njema, lakini umesimama juu ya kosa la kifiziolojia na juu ya hesabu ya hatari ya saratani iliyokwisha kupitwa na wakati. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kwamba tezi hizo ndizo zinazomjengea binti mifupa katika miaka ambayo haitarudi, na kwamba sehemu kubwa ya udhaifu unaohesabiwa kuwa maumbile yake imeletwa na tiba aliyopewa.

Ni lazima kwanza hali yenyewe ielezwe. Androjeni ni kundi la homoni, testosteroni ikiwa mashuhuri kuliko zote, ambazo katika mimba huupa mwili umbo la kiume na wakati wa balehe huleta ndevu, sauti nzito na misuli minene. Homoni haitendi kazi kwa kuwamo tu katika damu; ni lazima ishikwe na protini maalumu ndani ya seli, iitwayo kipokezi, ambayo huisindikiza hadi kwenye jeni inazoziamuru. Jeni inayotengeneza kipokezi cha androjeni imo katika kromosomu X, na ikiwa na hitilafu kubwa kwa mtoto mwenye X moja na Y moja, testosteroni huzunguka mwilini bila kusikilizwa na seli yoyote. Mtoto huyo huzaliwa na umbo la nje la kike, hulelewa kama binti, na mara nyingi hujijua na kujihisi kuwa binti. Hana mji wa mimba, kwa sababu korodani zake, ambazo zenyewe hazina kasoro, zilitoa katika siku za mwanzo za mimba homoni nyingine inayozuia mji huo usijengeke. Hiyo ndiyo hali kamili. Ipo pia hali ya sehemu, ambamo kipokezi hufanya kazi kidogo na umbo la nje huwa la kati. Daktari wa Marekani John Morris alikusanya visa 82 vya hali hii mwaka 1953, na makadirio ya Denmark yaliweka hali kamili karibu mtoto mmoja katika kila watoto 20,000 wenye kromosomu X na Y. Wengi hugunduliwa kwa njia mbili: ama utotoni, pale daktari anayerekebisha ngiri ya kinena ya mtoto wa kike anapokuta korodani ndani ya mfuko wa ngiri, ama ujanani, pale msichana mwenye matiti yaliyokua vizuri anapopelekwa hospitali kwa sababu hajapata hedhi na wenzake wote wamekwisha kuipata.

Matiti hayo ndiyo ushahidi wa kwanza dhidi ya wanaodai kwamba tezi hizo hazina faida. Hayakuota kwa kidonge chochote, wala binti huyo hana ovari. Yaliota kwa sababu mwilini mna kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo katika mafuta, ubongo, mifupa na korodani zenyewe, ambacho hugeuza testosteroni kuwa estradioli, yaani estrojeni ya asili yenye nguvu kuliko zote. Katika hali kamili, ubongo hausikii testosteroni na kwa hiyo huendelea kuzihimiza korodani. Korodani hutoa testosteroni kwa kiwango cha juu cha wanaume au hata kukizidi. Na testosteroni hiyo, isiyo na kazi kwa jina lake, hupata kazi kwa jina la estradioli. Kwa hiyo binti huyu hubalehe mwenyewe, bila dawa, kwa wakati wake. Huongezeka kimo kwa kasi, hupata nyonga na matiti, na ndani ya mifupa yake estradioli hufanya kazi ambayo jicho halioni.

Kazi hiyo ilieleweka kwa ushahidi uliotoka upande usiotarajiwa. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya mwanamume wa miaka 28 ambaye hali yake ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya binti huyu: kipokezi chake cha androjeni kilikuwa kizima na testosteroni yake ya kawaida, lakini kipokezi chake cha estrojeni kilikuwa kimeharibika. Alikuwa na kimo cha sentimita 204 na bado alikuwa akirefuka polepole. Picha za eksirei zilionyesha kwamba sahani za ukuaji, yaani tabaka za gegedu karibu na ncha za mifupa mirefu ambazo kwa kawaida hufunga mwishoni mwa balehe, zilikuwa wazi kama za kijana wa miaka 15, na madini ya mifupa yake yalikuwa machache kiasi cha kuitwa ugonjwa. Miaka mitatu baadaye, madaktari wa Italia walieleza habari za mwanamume mwingine aliyekosa aromatasi, mwenye testosteroni lakini asiye na uwezo wa kuigeuza. Alipopewa testosteroni zaidi mifupa yake haikubadilika, na alipopewa estradioli sahani za ukuaji zilifunga na madini yakaongezeka. Watu hao wawili walikuwa wanaume kwa kila kigezo, wenye androjeni ya kutosha, na bado mifupa yao ilidhoofika kwa kukosa estrojeni. Baada ya hapo ilipasa kuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba mfupa wa binti asiyeitikia androjeni umehukumiwa tangu kuzaliwa. Hata hivyo dai hilo bado linarudiwa.

Umri ndio kiini cha jambo. Watafiti wa Saskatchewan nchini Kanada, waliowafuatilia watoto wakipima mifupa yao mwaka baada ya mwaka, walionyesha mwaka 1999 kwamba karibu asilimia 26 ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu inayozunguka kilele cha kasi ya uwekaji wa madini mifupani, na kufikia mwisho wa ujana sehemu kubwa mno ya mfupa atakaotembea nao mtu hadi uzeeni imekwisha kujengwa. Binti aliyeachiwa tezi zake huifikia miaka hiyo miwili akiwa na estradioli inayomiminika usiku na mchana bila kusahaulika. Binti aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka miwili au mitatu huifikia akiwa hana chochote, hadi pale mtu mzima fulani atakapokumbuka kwamba umri umefika. Ikiwa kliniki iko mbali, ikiwa faili limepotea, ikiwa wazazi walidhani upasuaji wa ngiri ulimaliza kila kitu, anaweza kuanza dawa akiwa na miaka 14, 15 au 16, na nafasi ya ujenzi iliyompita haifidiwi kikamilifu kwa kuongeza dozi baadaye. Upungufu wa namna hiyo umetokana na kalenda ya matibabu, na kuuandika kwenye faili kama sehemu ya hali ya kuzaliwa ni kupotosha sababu.

Wanaotetea upasuaji wa mapema hujibu kwamba dawa ni dawa, na kwamba estrojeni ikitolewa kwa wakati na kwa kipimo sahihi haina tofauti na ile ya korodani. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama lingehusu dawa zinazotolewa kweli. Katika sehemu nyingi, kinachopatikana kwa urahisi ni pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ndiyo anayokabidhiwa msichana asiye na tezi. Pakiti hiyo ikitazamwa kwa karibu huonyesha tatizo waziwazi: ina vidonge 28, kati yake 21 vyenye homoni na saba vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, visivyo na homoni bali madini ya chuma, vilivyowekwa ili mtumiaji mwenye mji wa mimba apate hedhi bila kukatiza mazoea ya kumeza. Binti huyu hana mji wa mimba wa kutoa hedhi. Saba hivyo kwake ni siku saba bila estrojeni, kwa kuwa hana ovari wala korodani za kujazia pengo. Katika mwaka wa wiki 52, ni wiki 13. Vile 21 navyo vina projestini, homoni ambayo huambatanishwa na estrojeni ili kuulinda ukuta wa mji wa mimba ambao yeye hanao, na estrojeni iliyomo ni ya kutengenezwa, iitwayo ethinilestradioli, ambayo ikipita kwenye ini hupunguza utengenezaji wa kichocheo cha ukuaji kinachousaidia mfupa mchanga. Anayetaka binti huyu ajenge mfupa angempa estradioli halisi, kwa kidonge au kwa kibandiko cha ngozini, kila siku bila siku za mapumziko, akianza na sehemu ndogo ya dozi ya mtu mzima na kuipandisha kwa miaka miwili au mitatu. Kati ya utaratibu huo na pakiti iliyochukuliwa rafuni kuna umbali mkubwa, na umbali huo hulipwa na uti wa mgongo wa msichana.

Hata dawa sahihi huhitaji mtu wa kuimeza, na hapa tiba ya zamani iliongeza jeraha la pili. Kwa muda mrefu mabinti hao hawakuambiwa ukweli. Waliambiwa kwamba walizaliwa na ovari zenye kasoro zilizohitaji kuondolewa, na wazazi walishauriwa waifiche siri hiyo kwa jina la huruma. Msichana wa miaka 16 anayeambiwa ameze kidonge kila siku maisha yake yote bila kuelezwa sababu ya kweli atakimeza kwa miezi kadhaa, kisha atakiacha, kama ambavyo kijana yeyote mwenye afya huacha dawa asiyoona kazi yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, uliowahusisha wanawake 22 wenye hali kamili na sita wenye hali ya sehemu iliyokaribia ukamilifu, ulionyesha kwamba upungufu mkubwa zaidi wa madini katika pingili za kiuno ulikuwa kwa wale ambao hawakutumia estrojeni ipasavyo, ilhali waliotumia vizuri walikuwa na upungufu wa wastani tu. Siri, kwa maneno mengine, ina gharama inayopimika kwa gramu za madini, na daktari anayemficha binti habari za mwili wake hana haki ya kushangaa mifupa yake inapokuwa myepesi.

Inabaki hofu ya saratani, ambayo ndiyo iliyoupa upasuaji wa mapema nguvu zake zote. Mwaka 1976 yalichapishwa Marekani makadirio kwamba hatari ya uvimbe katika tezi za wenye hali hii ilikuwa asilimia 3.6 kufikia umri wa miaka 25 na asilimia 33 kufikia miaka 50. Takwimu ya pili ilienea vitabuni kuliko ya kwanza, ingawa ilitokana na visa vichache vya watu wazima waliobaki na tezi zao, na ingawa ni ya kwanza pekee inayohusu umri wa msichana. Tathmini mpya iliyoongozwa na Martine Cools na kuchapishwa mwaka 2006 iliweka hatari katika hali kamili karibu asilimia 0.8, na maelezo yake yanaeleweka: seli za mbegu, ambazo ndizo chimbuko la saratani hiyo, hupungua haraka katika tezi hizo baada ya mwaka wa kwanza wa maisha, na vinundu vingi vinavyokutwa baadaye si vya saratani. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chicago mwaka 2005, ambao maazimio yake yalichapishwa mwaka uliofuata, ulikubali kwamba upasuaji unaweza kuahirishwa hadi ujana, wazazi wakichagua hivyo. Hatari kwa mtu mzima ni kubwa kuliko ya mtoto, na hakuna anayepaswa kuificha; lakini hiyo ni hoja ya kuzungumza na mwanamke mzima kuhusu uchunguzi wa kila mara au upasuaji atakaouchagua mwenyewe, wala haimpi mtu kibali cha kumpasua mtoto wa miaka mitatu ili kuzuia jambo ambalo, kama litatokea, kuna uwezekano mkubwa litatokea miongo baadaye.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili inastahili kujibiwa bila kukwepa. Zipo tafiti, mojawapo ya London iliyochapishwa mwaka 2017, zilizoonyesha kwamba hata wanawake wenye hali kamili wanaotumia estrojeni ya kutosha wana madini machache katika uti wa mgongo kuliko wanawake wengine, na upungufu wa namna hiyo umeonekana pia kwa baadhi ya waliobaki na tezi zao. Panya dume waliofutiwa kipokezi cha androjeni katika maabara nao hupoteza mfupa. Kwa hiyo ni kweli kwamba androjeni ina sehemu yake katika mfupa, hasa mfupa wa ndani wenye vitundu vingi unaojaza pingili za mgongo, na kwamba estrojeni haizibi pengo lote. Lakini wanaotoa hoja hii huitumia kuhalalisha upasuaji, na hapo ndipo mantiki yao inapovunjika. Ikiwa binti amezaliwa akiwa amekoseshwa mchango mmoja wa homoni katika mifupa yake, hiyo ni sababu ya kuulinda kwa bidii zaidi mchango wa pili aliobakiwa nao, na kumkatia chanzo cha huo wa pili ni kumwondolea kinga akiwa tayari amepungukiwa. Upungufu unaobaki baada ya tiba nzuri ni wa kadiri, hukaa zaidi kwenye mgongo na kidogo kwenye nyonga, na hauwezi kuwekwa kapu moja na mifupa ya msichana aliyekaa miaka minne bila homoni yoyote.

Namna ya kupima nayo imechangia kukuza imani potofu. Kipimo kinachotumika zaidi, DXA, hupitisha mwilini eksirei za nguvu mbili tofauti na kukokotoa madini yaliyomo, kisha huyagawa kwa eneo la kivuli cha mfupa, yaani hutoa gramu kwa sentimita mraba badala ya gramu kwa ujazo. Mfupa mkubwa hutoa jibu zuri kuliko unavyostahili na mfupa mdogo hutoa jibu baya. Wenye hali kamili huwa warefu kuliko wanawake wengine kwa wastani, hivyo mtu mzima kati yao anaweza kusifiwa na mashine kupita kiasi, huku msichana aliyecheleweshwa balehe kwa kukosa homoni, ambaye mifupa yake bado ni ya kitoto, akilinganishwa na wasichana wa umri wake waliokwisha kukomaa na kuonekana mgonjwa zaidi kuliko alivyo. Karatasi inayotoka mashineni huwa na mchoro wa rangi, kijani juu, njano katikati na nyekundu chini, na nukta moja inayoonyesha alipo mgonjwa. Pembeni huandikwa alama T, inayomlinganisha na vijana waliokamilika, na alama Z, inayomlinganisha na wa umri wake. Alama T haina maana kwa mtoto, kwa kuwa humlaumu kwa kutokuwa na mfupa ambao bado anaujenga, na bado hunakiliwa katika mafaili ya wasichana. Miongozo ya kimataifa ya kupima watoto haikubali kabisa neno osteoporosisi litumike kwa sababu ya namba peke yake: hutaka pingili iliyosagika bila ajali kubwa wala ugonjwa wa kuila mifupa, au alama Z ya hasi 2 kushuka chini pamoja na historia ya mifupa mirefu kuvunjika mara mbili au zaidi kabla ya miaka 10, au mara tatu au zaidi kabla ya miaka 19. Kumwita binti wa miaka 15 mwenye mifupa ya kizee kwa sababu ya nukta katika eneo la njano ni kumtwisha hofu bila kumpa tiba.

Kuhusu mgawanyo wa misuli na mafuta mwilini, imani inayotawala ni potofu kwa namna nyingine, kwani huchukulia kwamba testosteroni ikipimwa nyingi katika damu basi misuli imeongezeka. Mhispania María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi, alinyimwa nafasi ya kushindana baada ya kipimo cha kromosomu alichofanyiwa kwenye michezo ya vyuo vikuu huko Kobe mwaka 1985, na habari zake zilipotangazwa mwaka uliofuata alipoteza nafasi yake katika michezo na faragha yake yote. Alikuwa na hali kamili: testosteroni yake ilikuwa damuni tu, na hapakuwa na msuli ulioweza kuitumia. Alirejeshewa haki ya kushindana mwaka 1988, na kanuni za shirikisho la riadha duniani za mwaka 2018 hazikuwagusa wenye hali kamili, kwa sababu hiyo hiyo ambayo yeye mwenyewe alilazimika kuieleza hadharani. Mwili wa binti wa aina hii una misuli na mafuta kwa mpangilio wa kike, na hilo ndilo la kutarajiwa.

Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni lile linalotokea baada ya upasuaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, ambao uliwazimia wanaume wenye afya homoni zao kwa muda na kuwarudishia testosteroni kwa vipimo mbalimbali, wengine wakizuiwa aromatasi isiigeuze, uliweza kutenganisha kazi za homoni hizo mbili: misuli na nguvu zilifuata testosteroni, lakini mafuta yaliongezeka hasa kwa sababu ya kukosa estrojeni. Matokeo ya wanaume hayahamishiwi kwa binti bila uangalifu, ila funzo lake kwa msichana aliyeondolewa tezi na kuachwa bila dawa ni zito. Anaponenepa tumboni akiwa na miaka 17, huambiwa apunguze chakula, naye akipunguza chakula hupunguza pia protini na kalsiamu ambazo mifupa yake inazihitaji kuliko za mwenzake yeyote. Chanzo cha unene huo hakitafutwi kwenye pakiti ya dawa iliyosahaulika, na msichana hubebeshwa kosa ambalo si lake.

Katika Afrika Mashariki hoja hugeuzwa kuwa ya umaskini: kwamba ni vigumu kumfuatilia mgonjwa kwa miaka, vipimo vya picha ni ghali, na kwa hiyo ni salama zaidi kuziondoa tezi mtoto akiwa bado mezani kwa upasuaji wa ngiri. Hoja hii ikichunguzwa inajipinga yenyewe. Mahali ambapo ni vigumu kumrudisha mgonjwa hospitali mara moja kwa mwaka, ni vigumu zaidi kumhakikishia homoni kila siku kwa miaka 40. Korodani iliyobaki mwilini haihitaji nauli wala duka la dawa, na haiishiwi mwisho wa mwezi. Daktari anayekutana na tezi hiyo ndani ya mfuko wa ngiri anaweza kuirudisha ndani, kuifunga ngiri, kuchukua damu ya kupima kromosomu na kuwaambia wazazi alichokiona kwa maneno wanayoyaelewa. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imekwisha kuelekea upande huo, kwa kukataza kiungo cha mtoto mwenye jinsia tata kubadilishwa au kuondolewa isipokuwa kwa ushauri wa mtaalamu wa jenetiki ya tiba. Na ingawa iliandikwa kwa lugha ya haki na si ya mifupa, inamlinda mtoto katika yote mawili.

Hali ya sehemu ni jambo jingine, na kuichanganya na hali kamili kumewadhuru wa pande zote mbili. Ndani ya hali ya sehemu, tezi zilizobaki tumboni zina hatari ya saratani iliyokadiriwa kufikia nusu ya wagonjwa, na kwa mtoto aliyelelewa kama msichana testosteroni inayosikilizwa kidogo inaweza kuleta wakati wa balehe mabadiliko asiyoyataka. Kwake upasuaji wa mapema unaweza kuwa uamuzi sahihi. Lakini hata kwake, na kwa kila binti mwenye hali kamili ambaye tezi zake zimekwisha kuondolewa, siku ya upasuaji ndiyo siku ya kuandika tarehe ya kuanza estradioli, kati ya umri wa miaka 10 na 12, kwa dozi ndogo isiyokatizwa, bila projestini, huku akipimwa kimo kila baada ya miezi sita na mifupa kila inapowezekana kwa alama Z. Ulezi na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni kalsiamu anayoweza kuipata bila agizo la daktari, kuruka kamba na netiboli huusukuma mfupa ujijenge, na jua la mchana humpa vitamini D. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshika nafasi ya homoni, bali vyote hufanya kazi vizuri zaidi homoni inapokuwapo. Kwa yule ambaye hajaguswa na kisu, mazungumzo ya kwanza kuhusu upasuaji yafanywe balehe yake ikiwa imekamilika, akiwa na majibu yake ya kromosomu na ya mifupa mkononi, akiwa ameelezwa asilimia 0.8 ni nini na hatari ya ukubwani ni kiasi gani, na akiwa huru kusema hapana mwaka huu na kuulizwa tena mwaka ujao.